Tunda Tulilozika Subukia

Alhamisi ile nilitoka kwenye nasari yangu saa kumi na mbili kasorobo jioni, nikiwa na makasi ya kupogolea na nusu mfuko wa mbolea, kwenda kuangalia mti wa mtu ambaye hajui miti.

Sitaki mnihurumie, kwa hiyo niseme mapema nilivyo. Naitwa Nangila. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikiuza miche hapa Free Area, Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi, na wateja wangu wengi nawadharau. Wanakuja na simu mkononi, wananionyesha picha ya bustani ya Afrika Kusini, wanataka mgunga wa gome la njano kama ule wa huko. Mgunga huo umejaa ufukweni mwa Ziwa Nakuru. Nyani wanaulalia. Ukienda Ndabibi unaota wenyewe mitaroni na wenye mashamba wanaung'oa wakilaani. Lakini mwambie mtu kwamba mti umetoka Ndabibi, anakunja uso. Mwambie umetoka Durban, anaupapasa majani na kusema, kweli unaonekana tofauti.

Basi nikawa naenda Ndabibi na pikapu, nachimba miche, naitia kwenye karatasi nyeusi za kuoteshea, naweka kibao: MITI YA KUSINI. Mgunga, mvungunya, mkunazi wa miiba miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Inaota kule, inaota huku, ni miti ileile. Wajinga ndio wanaotaka isafiri kwanza.

Mteja wa jioni ile alikuwa Jasleen. Alizaliwa hapa Nakuru, akaolewa Durban, akakaa huko miaka kumi na miwili. Mumewe alipofariki alirudi kwenye nyumba ya babake kule juu, upande wa mlima Menengai, akiwa na masanduku manne na hamu ya miti. Mtu mzima, mjane, analilia vivuli vya kwa watu. Nilimwona hana kazi ya kufanya. Alitaka hasa mvungunya, ule mti ambao wengi hapa wanauita muratina, wenye matunda marefu, magumu, mazito kama mtoto aliyezaliwa juzi, yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba. Na hakutaka mche. Alitaka mti uliokwisha kusimama. Nilimpelekea mmoja, miezi minane iliyopita. Aliniuliza umetoka wapi, nikamwambia mbegu yake ni ya Durban. Alifurahi sana.

Sasa alikuwa amenipigia simu.

"Nangila, kuja uone hii mti yako. Inanuka."

"Ni maua, madam. Mvungunya hufungua maua jioni, na yananuka ili popo waje."

"Najua harufu ya maua yake," alisema. "Nimeishi nayo. Hii si maua. Wewe kuja tu."

Langoni alinifungulia mzee Kibii, anayemtunzia bustani na kulinda lango. Ni mtu mpole wa miaka sitini na kitu, mwenye adabu nyingi kupita kiasi. Hata yeye nilikuwa namdharau kidogo, kwa sababu anasalimia miti asubuhi.

Harufu ilinipokea kabla sijauona mti.

Si maua. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbuliwa leo... udongo wa chini, ule mwekundu wenye unyevu. Na ndani yake kulikuwa na harufu ya sufi iliyolowa, nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi.

Niliutazama mti wangu. Ulikuwa na miaka minne na kitu tu. Mvungunya wa umri huo haujui hata ua ni nini. Lakini huu ulikuwa umechanua, maua mekundu ya kukolea, rangi ya maini. Na chini ya maua kulikuwa na matunda mawili yaliyokomaa, kila moja refu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

"Yameanza lini?"

"Wiki mbili," alisema Kibii. "Jumatatu yalikuwa kama kidole. Jumatano nyingine, yako hivyo."

"Haiwezekani."

"Ndiyo, madam. Haiwezekani," alikubali Kibii kwa adabu.

Jasleen alikuwa amesimama barazani na shali mabegani, hakutaka kushuka. "Mwambie na ile ingine," alimwambia mzee.

Kibii alishusha sauti. "Kuna mtu anakuja kila jioni, saa hii tu. Anauliza Subukia anaenda na wapi. Namwelekeza, anasema asante, anaenda. Kesho anarudi, anauliza tena."

"Mlevi."

"Hanuki pombe."

"Ananuka nini?"

Mzee aliutazama mti.

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilitaka Jasleen anisikie. Nikapiga magoti, nikaanza kufukua kidogo shinani niangalie mizizi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima. Popo mmoja alipita. Ndege walinyamaza wote pamoja, wakati mmoja...

Halafu lango likagongwa. Mara mbili, polepole.

"Mzee," sauti ilisema nje. "Samahani. Subukia naenda na wapi?"

Niliacha kufukua.

Niliinuka, nikatembea hadi kwenye lango. Ni lango la vyuma, unaona barabara kati ya nondo. Mtu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, ameligeuzia lango mgongo, akitazama chini kuelekea mjini. Alikuwa mwembamba. Alikuwa amevaa sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, na kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na alama ya kuungua, yenye ncha, ya pasi.

Alama hiyo niliitia mimi. Nikiwa na miaka kumi na tisa, nikipiga pasi ya makaa huku nasikiliza redio.

Sweta hilo tulilizika.

"Rudi barabara kubwa," Kibii alikuwa anasema nyuma yangu, kama mtu anayemwelekeza mgeni wa kawaida. "Upande gari za Bahati, upite, uende mpaka chini bondeni."

"Asante, mzee." Akaenda. Hakugeuka. Viatu vyake havikuwa na sauti kwenye kokoto.

Niliwaambia nitarudi kesho. Makasi niliyaacha pale pale chini.

*

Micah alikuwa mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, kwenye shamba ambalo marehemu baba alinunua Subukia alipohama kutoka Bungoma. Akiwa na miaka ishirini na tatu alipata kazi Durban, kwenye kampuni ya kutengeneza bustani za matajiri. Miaka miwili ya kwanza alinitumia picha kila wiki: mti, jina lake, jinsi ya kuotesha mbegu. "Dada," aliandika, "huu uko hata huko kwetu, watu hawaoni tu." Biashara yangu yote ilitoka kwenye simu yake.

Halafu akanyamaza. Mwaka mmoja, miwili, saba. Namba haipatikani, kampuni ilishafungwa, ubalozi hawajui. Mama aliendelea kumpakulia chakula. Kila jioni, sahani moja zaidi, inafunikwa. Nilimwona mama ni mpumbavu, na nilimwambia.

Mwaka wa saba mama alichoka. Alimwita senge, yaani dada ya baba, atoke Bungoma aje atuongoze. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda la mvungunya linazikwa mahali pake. Linavalishwa nguo yake, linalazwa kwenye sanduku, linaliliwa kama mtu. Baada ya hapo watu wanaacha kungoja.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa moja, kwa sababu ni ya mtu wa tumbo moja na aliyepotea. Nilitafuta tunda, nikalileta. Senge akanipa chuma kirefu, chembamba.

"Kitie motoni mpaka kiwe chekundu," aliniambia. "Utoboe tunda juu na chini, mbegu zife. Tunda la mtu halitakiwi kuota. Umesikia?"

Nilisikia. Nikaenda nyuma ya jikoni. Manyunyu yalikuwa yanashuka, makaa yamelowa, na mimi ni mtu wa mbegu, najua mbegu. Nilikaa juu ya ndoo nikitazama lile tunda na kile chuma, na nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Watu wazima wanamvalisha tunda sweta, na sasa nipulize moto nusu saa nilichome? Nilikipaka chuma masizi ya sufuria, nikamrudishia senge.

"Umetoboa?"

"Nimetoboa."

Kaburini niliuma midomo nisicheke. Senge aliniona, akadhani nalia, akanishika bega.

Mvua zilizofuata, tunda likaota. Kutoka shimo la futi nne, likatoka. Mama alimficha senge jambo hilo kwa sababu alijua angesema ling'olewe. Alinificha hata mimi kwa muda. Kila jioni alikaa kando ya ule mti kwenye kigoda, anaumwagilia maji aliyooshea mchele, anauambia habari za siku. Nani ameoa, ng'ombe gani amezaa. Sahani ya Micah ikaacha kupakuliwa. Mama akanenepa kidogo.

Na mimi, Jasleen alipotaka mvungunya uliosimama, nilijua mmoja tu ambao naweza kuung'oa bila kuulizwa na mtu.

Nilingoja siku mama ameenda kliniki. Nilikwenda na vibarua wawili na pikapu, tukauchimba na udongo wake. Jioni nilimwambia fuko wamekula mizizi, ukaanguka, nikautupa. Macho ya mama yalikuwa hayaoni vizuri. Alipiga magoti, akapapasa ukingo wa shimo kwa vidole, pande zote. Shimo la fuko halina alama za jembe. Alirudi ndani, na jioni ile akapakua sahani mbili.

*

Ijumaa asubuhi nilikuwa Subukia. Senge alikuwepo. Alikuwa amekuja wiki iliyopita kumuuguza mama, ambaye hakuwa anashuka kitandani tena. Daktari alisema ni uzee. Mama alikuwa na miaka sitini na tisa.

"Nangila," mama alisema nilipokaa karibu naye. "Micah anapotea njia. Namsikia akiuliza watu. Mbona hawamwelekezi vizuri?"

Nilimfunika miguu, nikatoka.

Senge alikuwa amesimama kwenye kaburi. Katikati yake kulikuwa na shimo nililoliacha, upana wa karai, na nyasi zilikuwa hazijaota ndani yake hata moja.

"Mama yako ameniambia jana," alisema bila kunitazama. "Kwamba liliota. Kwamba alificha. Sasa wewe niambie. Ulitoboa?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilifungua mdomo nidanganye, na pua yangu ikajaa ile harufu ya sufi mbichi.

"Sikutoboa, senge."

Hakupiga kelele. Alitema mate chini, pembeni, akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. Ni mimi niliyezoea kuwatazama watu hivyo.

"Uliona sisi ni wajinga."

"Ndiyo."

"Na mti?"

Nikamweleza yote. Jasleen, Durban, kibao, maua, matunda. Alisikiliza akihesabu kitu kwa vidole.

"Matunda mangapi?"

"Mawili."

Alitazama dirisha la chumba cha mama. Halafu akanitazama mimi.

"Tulizika tunda mahali pa mtu," alisema. "Hilo limezaa. Kila moja likianguka, mtazika mtu mahali pa tunda. Waliobaki ni wawili: mwenye tumbo lile, na wewe."

Upepo ulikuwa haupo. Hakuna jani lililotikisika.

"Senge, Micah alikuwa amekufa kweli? Siku ile tulipozika?"

"Mimi sijui. Tulizika kwa sababu mama yako alichoka kungoja." Alifungua kitambaa kilichokuwa kiunoni mwake. Ndani yake mlikuwa na chuma kile kile, bado kina masizi yangu. "Kwenda ufanye kazi yako. Kabla hayajaanguka."

"Na Micah?"

"Atanyamaza."

*

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwa Jasleen. Ilibidi nimwambie ukweli, maana sikuweza kuwasha jiko kwenye bustani ya mtu bila sababu.

"Uliniambia mbegu ni ya Durban," alisema.

"Ni ya Subukia."

"Subukia wapi?"

"Kwenye kaburi, madam. La mdogo wangu."

Alizungusha bangili ya chuma mkononi. Nilingoja apige kelele, ningeiweza kelele.

"Hata huko Durban, kabla hatujapanda mti mkubwa, mume wangu alikuwa anauliza mara tatu imetolewa wapi," alisema. "Wewe ulikuwa unanicheka, Nangila. Mimi niliona, nikanyamaza. Kumbe umeniuzia ndugu yako." Akaingia ndani, akafunga pazia.

Kibii aliniletea jiko, akalipuliza mwenyewe. Nilimwambia kitu kimoja tu: matunda haya yasianguke chini. Alisema sawa, madam, kama mtu aliyeambiwa asisahau kufunga bomba. Akarudi langoni.

Chuma kilianza kuwa chekundu nchani, wekundu ukapanda. Jua lilizama. Maua ya mvungunya yalianza kufunguka, moja... lingine... unaweza kuyasikia, yanatoa sauti ndogo kama midomo inayoachana. Nilifunga kitambaa mkononi, nikachukua chuma, nikalishika tunda la kwanza kwa mkono wa kushoto.

Lilikuwa na joto. Joto la mwili.

Lango likagongwa. Mara mbili.

"Mzee, samahani. Subukia..."

Akanyamaza katikati.

"Dada?"

Chuma kilikuwa kidole kimoja kutoka kwenye ganda. Sikugeuka.

"Dada, ni wewe?" Sauti ilikuwa ya Micah, ila ilikuwa na uzito, kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. "Nilikuwa nakuja. Nilikuwa nimefika Tunduma, kwa miguu na kwa malori. Nilikuwa na zawadi ya mama. Nikalala kwenye kituo, nikaamka nimejaa udongo mdomoni. Nikajua mmenizika."

Nilisikia Kibii akijongea pembeni, akimwachia nafasi, kwa adabu yake.

"Lakini hukunichoma," alinong'ona. "Hapo ndani kulikuwa na giza, nikangoja chuma. Hakikuja. Nikajua ni Nangila. Wengine wote walikubali nife. Dada yangu alikataa."

Machozi yalinitoka. Ningetaka kusema yalikuwa ya upendo. Yalikuwa ya aibu, kwa sababu nilikumbuka ile ndoo niliyoikalia nyuma ya jikoni, na jinsi nilivyopiga miayo.

"Asante, dada."

Nikasimama hapo. Chuma kikawa chekundu kilichofifia, kikawa cheusi, kikapoa. Sikuweza. Nilipogeuka, barabara ilikuwa tupu, na Kibii alikuwa anaelekeza kidole chake kuelekea mjini, bado.

Nilijiambia nitafanya asubuhi, yeye akiwa hayupo.

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Kibii alipiga simu. "Madam, moja imeanguka sasa hivi. Nilikuwa nakuja na gunia niiwekee chini. Sikuwahi."

Sikumjibu, kwa sababu simu nyingine ilikuwa inaingia. Senge. Alisema mama ameamka mwenyewe, akavaa viatu, akafungua mlango wa mbele huku anasema, ngojeni, ngojeni, amefika. Akakaa kizingitini akitabasamu. Senge alipomgusa, tayari.

*

Tulimzika Jumanne. Senge alisema shimo liko tayari, tulipanue tu. Hakunilaumu mbele ya watu. Hakuwa na haja nami tena. Nilimpenda mama yangu na sikumwambia hata mara moja, nilimwambia tu kwamba ni mpumbavu. Hilo ndilo lililoniliza, na senge safari hii hakunishika bega.

Leo ni Jumatano. Adhuhuri nilikwenda kwa Jasleen na chuma changu, na moyo mgumu. Sikuwa na wasiwasi tena juu ya kitu gani ni ujinga. Nilitaka kuishi.

Kikonyo kilikuwepo mtini. Tunda halikuwepo.

Nilitafuta chini, kwenye nyasi, kwenye ua, kama mwendawazimu. Kibii alikuja mbio.

"Usihangaike, madam. Halikuanguka. Ulisema yasianguke, basi hili nililikata mwenyewe kwa panga, polepole, nikalipokea kwa mkono."

"Liko wapi?"

"Nilimpa yule mtu. Jana jioni alikuja, hakuuliza Subukia tena. Aliuliza wewe unakaa wapi, akasema yeye ni ndugu yako na anataka kukupelekea kitu cha kukushukuru. Aliomba hilo tunda. Anaongea vizuri, madam, ni mtu mpole. Nikamwambia Free Area, kando ya barabara, kwenye miche."

Nilitaka kumtukana. Nikaona uso wake, mzee wa watu, ametenda wema kwa uangalifu wote. Hakuna mtu hata mmoja katika jambo hili aliyefanya kazi yake vibaya isipokuwa mimi.

Sasa ni saa kumi na mbili na robo. Nimeandika haya kwenye daftari la nasari, nikiwa ndani ya kibanda changu cha mabati, jiko liko miguuni, chuma kimo ndani yake. Nje magari yanapita kama kawaida. Watu wanatoka kazini. Kibao cha MITI YA KUSINI nimekitoa asubuhi, ingawa sijui nilidhani kutasaidia nini.

Muda mfupi uliopita mtu ameingia kati ya miche. Nilijiambia ni mteja. Wateja wa jioni wanapenda kugusagusa majani bila kununua, nawajua, nawadharau. Lakini sisikii viatu kwenye kokoto. Nasikia karatasi nyeusi tu zikisuguana anapopita... na harufu ya udongo, na ya sufi mbichi. Katika nasari hii sina mvungunya hata mmoja.

Chuma kimekuwa chekundu.

Najua la kufanya. Lisianguke. Nilipokee kutoka mikononi mwake kwa mikono yangu miwili, nililaze hapa mezani, nilitoboe juu na chini. Yeye atakuwa amesimama hapo mlangoni, akinitazama. Na atajua kwamba siku ile nyuma ya jikoni haikuwa huruma. Ilikuwa dharau tu, na manyunyu, na makaa yaliyolowa.

Bati linagongwa. Mara mbili, polepole.

"Dada," anasema. "Fungua. Linanilemea."